Komisyonere Alikula Kwetu, Akakaa Benchi Yao

Likasi, siku ya ine. Mvua ilipiga tangu asubui na sasa imenyamaza. Udongo yote nje ni nyekundu, na suruali yangu pia. Roho yangu haiko muzuri, na muntu asiniulize.

Lakini nianze na ukweli: mu Likasi muzima, kutoka Shituru mpaka njia ya Kamatanda, hakuna muntu anajua kupunguza bei sawa minye. Siku nilizaliwa, mukunga aliomba sabuni mbili. Nililia mpaka akakubali moja. Mama mwenyewe njo anasemaka vile. Bamama ba samaki ku soko bakiniona banafunika beseni. Mbuzi moja nilimupunguza bei mpaka mbuzi mwenyewe akasikia haya, akageuka akaangalia ukuta.

Masomo niliacha mwaka ya tatu ya sekondari. Bantu banasema yalinishinda. Bongo, ni uongo! Walimu baligoma juu ya mishahara, minye nikangoja, nikangoja, mwisho minye njo nikabaacha bao.

Basi muntu wa namna hii, unaweza kumudanganya na nini?

Leo nilidanganywa na bukari yetu wenyewe, ugali ya sahani yetu.

Acha niandike vizuri, juu siku ingine nikisoma tena, hasira ikuwe ileile. Baba alikuwa mutumishi wa kampani ya madini, kazi ya moto, mbele ya furu, ile tanuri ya kuyeyusha. Alikufa kabla ya mvua hizi kuanza. Nyumba tunayolala ni ya kampani. Sasa kampani yenyewe iko mugonjwa, mabomba yake ya moshi yamesimama paka kuangalia mbingu tu, mishahara ya bantu imesahau, lakini kudai nyumba haikusahau. Baliletea mama neno: mwezi hii ikiisha, mutoke.

Mama hakulia. Alikaa mbele ya mashini yake ya kushona, ile ya kukanyaga na muguu, akamaliza shati ya muntu. Tangu mshahara ya baba ilianza kuchelewa, zamani kabla ya kufa kwake, mashini ile njo inatulisha. Unga ni mashini. Sabuni ni mashini. Viatu yangu hivi, vyenye banakwali, babinti ba hapa, banaviangalia siku ya Mungu ku kanisa, ni mashini.

Akasema: tutanunua nyumba. Hata ndogo. Nikifa, nifie mu nyumba yenye muntu hanifukuze.

Njo Papa Fungula akaingia mu maisha yetu.

Jina yake ya karatasi sijui. Bantu banamuita vile juu ya mafungulo yenye yananing'inia ku mukaba wake, nyingi, akitembea zinalia sawa mbuzi mwenye kengele. Ni komisyonere. Kazi yake ni kujua nani anauza nyumba na nani anatafuta, anakushika mukono, anakupeleka, anakufungulia mulango, anakusifia dari hata kama inavuja. Mukipatana, anapewa kitu yake. Siku hizi bako wengi. Bantu banahama, banarudi ku mizizi yao, nyumba zinabaki na macho wazi, na kila muntu mwenye viatu imara anakuwa komisyonere.

Siku ya kwanza aliingia kwetu, hakusema neno ya nyumba. Aliuliza mama: babu yako alitoka kijiji gani? Mama akasema. Papa Fungula akapiga mikono: "Ee, Mungu wangu! Kumbe weye ni yaya yangu!"

Basi. Mama akakuwa dada yake mukubwa, na minye nikakuwa mwipwa wake, mutoto wa dada. Maana yake, yeye ni mujomba wangu.

Na kwetu huku unajua mujomba ni nani. Mujomba njo anasema pahali pako. Ukioa, yeye anakwenda kusema. Ukivunja kitu ya bantu, yeye anasimama mbele yao. Nani anamuombaka mujomba wake atie sinyatire ku karatasi? Nani anamuuliza mujomba: samahani, uko upande gani?

Alikula kwetu. Sahani moja, mikono yetu ndani, na kichwa ya samaki mama alimusukumia yeye. Aliomba mbele ya kula, maombi marefu, mpaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikapoa. Alitupeleka kuona nyumba hapa na pale, moja bila mabati, moja yenye vita ya bandugu ndani, mpaka akatufikisha ku nyumba ya Muzee Kasongo, kule Kikula. Vyumba mbili, kutu kidogo tu ku mabati, miti mbili ya avoka mu lupango, mu kiwanja yake. Mama aliingia mu chumba ya mbele akasimama karibu na dirisha. Niliona anapima na macho. Alikuwa anapima pahali mashini itakaa.

Muzee Kasongo anarudi Bukama kwa batoto yake. Ni muntu mupole, sauti ya chini. Pesa ya zaire hataki. Na nani anataka zaire leo? Unalala na pesa ya gunia, unaamka na pesa ya kibiriti. Anataka bintu. Papa Fungula akakwenda, akarudi, akakwenda, akarudi. Kila mara anasema "sisi". "Sisi hatutapita pale, yaya." "Sisi tuko bantu ba heshima, hatutakimbizana." Mwisho bakapatana: kinga ya baba, baiskeli ile nzito yenye taa mbele, mabati mapya yenye baba aliweka mbali kwa kujenga siku moja, na radio.

Mashini haikuwa ndani. Naandika tena juu niko na hasira: mashini haikuwa ndani.

Leo njo siku ya kuandika karatasi ya kuuza, ku biro ya komine, ofisi ya serikali. Nilivaa shati nyeupe. Mama alivaa kitenge yake ya kanisa. Minye nilimuambia asiwe na wasiwasi, mujomba iko.

Ku biro, hivi njo inafanyika: kuko benchi mbili. Muuzaji na bashahidi bake banakaa huku, munuzi na bashahidi bake banakaa ngambo, mukubwa wa karatasi mu katikati na meza yake. Kila upande na bantu bake, ili kesho muntu asikatae. Muzee Kasongo alikuja na mudogo wake na jirani mmoja. Sisi tulikuwa mama na minye. Tulibakisha pahali ya Papa Fungula mu katikati yetu, hata nilipangusa benchi na mukono.

Akaingia. Mafungulo ngring, ngring. Akamupa mama mukono, "Yaya, ulilala vizuri?" Akanipiga ku bega. Kisha akavuka, akavuta suruali yake kidogo isijikunje, akakaa karibu na Muzee Kasongo.

Nikamufanyia alama: mujomba, ni huku. Akacheka kidogo.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni mayele. Nilifikiri amejiingiza kwao ili asikie siri zao. Nikamukonyeza. Ee, kitabu, na jicho hii yangu nilimukonyeza muntu mwenye alikuwa anatuuza.

Mukubwa wa karatasi akauliza: mumepatana? Muzee Kasongo akakohoa. Akasema amefikiri tena. Kinga ni muzuri, mabati ni muzuri, radio pia, lakini binti yake kule Bukama anajua kushona. Anaomba tuongeze mashini.

Mama akasema: "Papa, hatukupatana vile."

Muzee hakukasirika. Aliangalia kucha zake. Akasema pole pole, sawa muntu mwenye anakuhurumia:

"Mama, mwezi inaisha."

Mama alikuwa alitukataza: neno ya kufukuzwa isitoke mu nyumba hii. Muuzaji akijua una mbio, anakaa chini anakungoja. Hakuna muntu wa inje alijua. Na sasa Muzee anaisema mbele ya mukubwa sawa anasoma kalenda.

Mama akageuza macho kwa Papa Fungula. Alingoja. Minye pia nilingoja. Hapa njo pahali ya mujomba, hapa njo anasimama, anasema "sisi hatutapita pale", anapiga meza.

Papa Fungula akasema: "Yaya, nyumba ni nyumba. Mashini itapatikana."

Nikaruka. Nilisema Kifaransa, nilisema Kiswahili, nilisema bintu vingine hata sijui ni luga gani. Nikamuambia mukubwa wa karatasi: muntu huyu ni komisyonere yetu! Ni wetu! Atoke ku benchi ile!

Mukubwa alikuwa anasafisha meno na njiti. Akaniangalia.

"Ni wenu namna gani?"

"Tulimutuma sisi."

"Na karatasi ya manda iko wapi?"

Manda gani tena? Akaeleza, lakini sawa muntu anaeleza mutoto wa chekechea, na hii njo ilinikasirisha zaidi. Ukitaka muntu asimame pahali pako mbele ya sheria, munaandika: minye fulani nampa fulani kazi ya kunitafutia nyumba na kusema kwa jina yangu. Unatia sinyatire, naye anatia. Hapo njo ni wako, na akikugeuka uko na neno ya kumushitaki nayo. Bila ile, komisyonere ni muntu wa kukutanisha tu. Amekukutanisha na Muzee, kazi yake imekwisha. Akikaa huku, akikaa kule, ni matako yake.

"Lakini alikula kwetu!" nikasema. "Bukari! Na kichwa ya samaki!"

"Kijana, bukari si manda."

Benchi ya ngambo bakacheka, hata mudogo wa Muzee mwenye tangu asubui alikuwa anasinzia. Nikasema ni mujomba wangu. Mukubwa akageuka kwa Papa Fungula: ni kweli, huyu ni mwipwa wako? Papa Fungula akasema: "Sisi wote ni bandugu, patron." Akaulizwa: na Muzee Kasongo ni nani kwako? Akasema, bila aibu yoyote, na mukono ku bega ya Muzee: "Huyu ni baba yangu."

Kwa baba yake ni mutoto, kwa dada yake ni mudogo, kwa minye ni mujomba. Muntu moja, jamaa mbili, na hakuna karatasi hata moja! Nikauliza: basi kama si wa munuzi, ni wa muuzaji? Muzee alimupa manda? Mukubwa akasema hapana, hata Muzee hana karatasi yake. Basi ni wa nani? Akasema: ni wa kwake mwenyewe. Akarudia njiti yake.

Sheria gani hii? Muntu anaweza kukwambia "sisi" asubui, mangaribi, mbele ya Mungu na mbele ya sombe, na "sisi" yake haina mwenye!

Nikamuinamia mama: "Mama, tuende."

Akanijibu na sauti ndogo: "Tuende wapi?"

Nikakaa tena ku benchi. Minye, bingwa wa bei wa Likasi.

Akachukua kalamu. Mama anaandika jina yake pole pole, sawa anashona. Aliandika yote, hata jina ya baba. Bashahidi bakaandika, minye peke yangu ku upande yetu, na ku upande yao mustari mzima ya majina, na ya Papa Fungula mu katikati, na mukia ndefu chini sawa ya nyoka.

Balikuja kuchukua bintu mvua ikiwa bado inadondoka. Mabati, radio, kinga ya baba. Mashini balifunga juu ya kigari na kamba, bakaifunika na nailoni. Mama alitoa sindano yenye ilikuwa ndani, akaiweka mu kitambaa yake.

Na nani alikuwa anashika mwisho ya kamba? Mujomba.

Nikamufuata mpaka inje. Nikamuuliza, sawa muntu wa sheria sasa, juu nilikuwa nimesoma kwa saa moja: "Papa Fungula, uko wa nani?"

"Niko wa mulango, mwipwa. Anayeuza ananiita, anayenunua ananiita. Minye nafungua."

"Ulikula kwetu."

"Na kwa Muzee nilikula. Kwao sombe iko na mafuta nyekundu ya ngazi."

Hata sombe yetu akaitukana! Nilitaka kumupiga. Ni murefu. Nikaacha, juu ya heshima.

Sasa niko nimekaa juu ya sanduku ya bintu yetu, ndani ya nyumba yenye haiko yetu tena, naangalia pahali mashini ilikuwa. Simenti ya pale ni safi kuliko ingine yote, alama nne za miguu yake. Na nawaza. Natafuta uongo ya Papa Fungula. Kama nikipata uongo moja tu, nitalala vizuri. Alisema nyumba haivuje: haivuje. Alisema Muzee ni mwenye nyumba wa kweli: ni kweli, karatasi zote zilikuwa safi. Alisema "yaya": hakuna muntu anashitakiwa juu ya kusema yaya. Hata siku moja hakusema, "minye niko wenu mbele ya sheria." Sisi njo tulisema mu roho yetu, kisha tukajibu wenyewe ndiyo.

Inaniudhi! Ingekuwa mwizi, ningeita bantu. Utaita bantu juu ya muntu mwenye alikaa benchi?

Kwa hiyo naweka amri. Komisyonere mwingine akija mbele yangu, hata akinitajia babu ya babu yangu, sitamupa maji ya kunawa mbele hajanijibu: uko wa nani, nani anakulipa, na tuandike. Kama hataki kuandika, ni muntu wa mulango, tuzungumuze naye paka habari ya mulango tu. Bei yetu ya mwisho hajui. Mbio yetu hajui. Na mujomba wa kweli, mudogo wa mama tumbo moja, mwenye tulimuacha Kambove juu tulisema anazungumuza sana, tutamuita akae ku benchi yetu, azungumuze mpaka mate ikauke.

Amri ni muzuri. Mashini haitarudi nayo.

Kuko neno ingine. Tulipotoka komine, tulipita mbele ya nyumba ya Mama Odette. Ni rafiki wa mama tangu zamani, banaimba pamoja ku kanisa, sauti ya kwanza na sauti ya pili. Alikuwa ku mulango, akaita: "Mama, mumepata?" Mama akapita. Hakugeuka. Mama Odette akabaki na mukono juu.

Mbele kidogo mama akaniambia: "Njo yeye. Nilimuona juzi anazungumuza na muke ya mudogo wa Kasongo. Yeye njo alibaambia kama tunafukuzwa." Nikanyamaza. Akasema siku ya Mungu hataimba.

Sasa mama iko inje, karibu na moto. Anamalizia kwa mukono libaya, blauzi ya muntu, juu aliahidi kesho. Mashini ingeimaliza kabla bukari iive. Mbele ya kukaa alinipitisha mukono ku kichwa, akasema: weye ulinitetea leo.

Juma iliyopita, Papa Fungula alinikuta ku njia ya Kamatanda, akaninunulia kopo ya munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi. Hata bia haikuwa. Akaniambia: mwipwa, naona weye njo kichwa ya nyumba ile, mama hawezi kitu bila weye. Minye nikapanua kifua. Nikamuambia ndiyo, minye njo najua yote. Nikamuambia kampani inatutoa mwezi hii. Nikamuambia Muzee akikaza, tusiogope, mama atatoa hata mashini.

Hakuwa ameniuliza.